Kijana Yahya wa Nawa na mwaka wake wa kwanza Damascus



Kila mwaka wa masomo unapoanza tunawapokea ndugu na dada zetu wapya. Wanashuka Nyabugogo na masanduku yao, wanapanda moto mpaka huku Nyarutarama, na wakishapita nyumba zile za kuta ndefu na uwanja wa gofu, unyonge unawaingia. Wiki ya kwanza utawakuta msikitini wamekaa nyuma kabisa, na darasani hawanyanyui mkono hata kama mhadhara mzima umewapita. Kwa ajili yao tumeona tueleze habari za Imam an-Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu tumekua na Arbaini yake na Riyadhus Salihin, na waliosoma kwa masheikh wa pwani wanakijua pia kitabu chake cha Minhaj. Ila tunamjua akiwa imamu tayari, na mara chache tunamfikiria akiwa mwanafunzi mgeni mjini.

Jina lake ni Yahya bin Sharaf. Alizaliwa mwaka 631 Hijria, sawa na 1233, katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Hauran, kusini ya Damascus. Baba yake alikuwa na duka. Mtoto huyu alikuwa mpole kupita kiasi. Alipokuwa na miaka kama kumi, sheikh mmoja aliyepita hapo aliwakuta watoto wenzake wanamlazimisha kucheza, naye anawakimbia huku analia, na katika kulia kwake anasoma Qur'ani. Baba akamweka dukani, lakini moyo wake ukabaki kwenye msahafu.

Mwaka 649, akiwa na miaka kama kumi na tisa kwa hesabu ya Hijria, baba yake akampeleka Damascus. Hapo ndipo penye hadithi yetu. Alifikia kwanza kwa khatibu wa Msikiti wa Bani Umayya, naye akampeleka kwenye darasa la Sheikh Tajuddin al-Fazari. Masomo akapata, pa kulala hakupata, kwa sababu sheikh hakuwa na chumba cha kumpa. (Wanaohangaika na kodi ya nyumba Kigali wataelewa.) Mwisho akaelekezwa madrasa ya Rawahiyya, iliyojengwa na mfanyabiashara mmoja, akapewa kijichumba. Chakula chake kikawa mkate wa posho ya madrasa. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwa miaka kama miwili hakuulaza ubavu wake chini. Usingizi ukimzidi, aliegemea vitabu vyake akasinzia kidogo.

Kitabu alichoanza kuhifadhi kilikuwa at-Tanbih cha Abu Ishaq ash-Shirazi, cha fiqhi ya Kishafii. Alikimaliza kwa miezi minne na nusu. Tukiishia hapo tutawatisha bure wageni wetu, maana nani kati yetu anayeweza hayo? Lakini kuna kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe, na sisi tunakipenda kuliko habari zote za kuhifadhi.

Katika mlango wa josho, kitabu kinataja kuwa tendo la mume na mke hulazimisha kuoga, na kinalitaja kwa lafudhi za mafakihi. Kijana wa Nawa, mtoto wa watu wenye haya, hakuzielewa lafudhi hizo. Akadhani maana yake ni tumbo kunguruma. Basi kila tumbo liliponguruma, na tumbo la mtu anayeishi kwa mkate wa posho hunguruma sana, alikwenda kuoga kwa maji ya baridi. Aliendelea hivyo kwa muda wa miezi kama miwili. Alikuwa katika mji uliojaa maulamaa, anakaa mbele yao kila siku, na ibara yenyewe ameihifadhi neno kwa neno.

Tafakari hilo, ewe unayeogopa kumuuliza mhadhiri maana ya neno moja. Mtu aliyewahi kuwa mgeni darasani hahitaji kuandikiwa kilichomfanya asiulize.

Upole wake haukumzuia. Mwalimu wake wa Rawahiyya, Sheikh Ishaq al-Maghribi, alipendezwa na bidii yake na namna alivyojitenga na mazungumzo ya ovyo, akamfanya msaidizi wake wa kuwarudilia wenzake somo. Yule aliyekuwa hajui pa kulala sasa wenzake wanamzunguka awafafanulie. Mwaka 651 alihiji pamoja na baba yake; homa ilimshika tangu siku waliyoondoka Nawa mpaka siku ya Arafa, na baba akashuhudia kuwa hakulalamika. Aliporudi alikuwa akisoma masomo 12 kwa siku kwa masheikh mbalimbali.

Hata hapo alikosea njia mara moja. Alitamani tiba, akanunua kitabu cha Qanun cha Ibn Sina. Siku kadhaa moyo ukawa mzito, hawezi kusoma chochote. Alipotambua chanzo, akakiuza kitabu na kurudi kwenye fani yake. Hii si hoja dhidi ya wenzetu wa udaktari! Ibn Sina ana watu wake, na Yahya hakuwa mmoja wao.

Mengine mnayajua: uongozi wa Darul Hadith al-Ashrafiyya, ambako hakuchukua mshahara, na barua zake kwa Sultani Baybars kuwatetea raia. Kijana aliyekimbia watoto wenzake akilia alikuja kumkabili mfalme.

Mwaka 676, akiwa na miaka kama 45, alivirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameazima, akazuru makaburi ya masheikh wake na kulia, akawaaga waliokuwa hai. Kisha akarudi Nawa, akaugua nyumbani kwa wazazi wake, na huko akafariki usiku mmoja wa mwezi wa Rajab.