Sultani Ali bin al-Hassan: Mgeni Aliyeoa Kilwa na Kuwa Mwenyeji

Mtu wa kwanza katika orodha ya masultani wa Kilwa hakuzaliwa Kilwa. Alifika kwa jahazi, pamoja na watu wake na bidhaa zake, katika kisiwa kilichokuwa tayari na wenyewe, na lugha yao, kazi zao na mzee wao. Kabla ya kuwa mtawala alikuwa mgeni. Na baina ya ugeni wake na utawala wake, kwa masimulizi ya watu wa Kilwa wenyewe, alikuwa kwanza mkwe.

Mtu huyo ni Sultani Ali. Sarafu za shaba zilizofukuliwa Kilwa Kisiwani zina jina la Ali bin al-Hassan. Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inamtaja kuwa Ali bin al-Hussein, na masimulizi ya Kiswahili yaliyochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907 yanamwita Ali bin Selemani, Mshirazi. Pamoja na tofauti hizo za majina, wanahistoria wengi humtambua kuwa ni mwanzilishi yuleyule wa nasaba ya Kishirazi ya Kilwa.

Wakati alioishi umejadiliwa kwa muda mrefu. Tarehe ya Kiarabu inamweka katikati ya karne ya 3 ya Hijra, sawa na karne ya 9 Miladia. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alimweka mwishoni mwa karne ya 12. Hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 iliyopatikana Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 iliwafanya watafiti waliofuata wamrudishe hadi karne ya 11.

Kutoka nyumbani asikopewa nafasi

Kuhusu sababu ya kuondoka kwake, maelezo yaliyo kamili zaidi ni ya mwandishi Mreno João de Barros, aliyeyachapisha mwaka 1552 kutokana na tarehe iliyopatikana Kilwa. Kwa maelezo hayo, Ali alikuwa mmoja wa wana wengi wa Sultani wa Shirazi. Ndugu zake walizaliwa na mama wa ukoo wa kifalme wa Kiajemi, lakini yeye alizaliwa na mama mtumwa kutoka Uhabeshi. Baba yao alipofariki, ndugu hao walimdharau kwa sababu ya mama yake, naye akaamua kutafuta makazi mengine kuliko kuishi chini yao.

Alisafiri kwa njia ya Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba ya Uajemi, akashuka na pepo za kaskazi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Alipita Mogadishu na Barawa, akaona miji hiyo tayari ina watu wa madhehebu yasiyopatana na yake, akaendelea kusini. Tarehe ya Kiarabu inasimulia safari hiyo kwa namna nyingine: majahazi saba yenye baba na wana sita, kila moja likitia nanga mahali pake, la sita likifika Kilwa na la saba likifika Nzwani katika visiwa vya Komoro.

Wapo wanahistoria wanaoona kuwa Washirazi wa Kilwa walitanguliwa na vizazi kadhaa vya wazee wao kwenye pwani ya kaskazini, kabla ya kuhamia kusini. Kwa vyovyote vile, aliyeteremka Kilwa alikuwa mtu aliyezoea kuwa mgeni. Na iwapo maelezo ya de Barros ni ya kweli, basi damu ya Afrika ilikuwamo mwilini mwake kabla hajakanyaga mchanga wa Kisiwani.

Kisiwa chenye wenyewe

Kilwa Kisiwani haikuwa pori tupu. Uchimbaji umeonyesha kwamba watu waliishi hapo tangu karibu mwaka 800. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Walivua samaki, walifua chuma, walifinyanga vyungu vya aina iliyoenea pwani nzima, na walitengeneza shanga za makombe. Biashara na watu wa ng'ambo waliijua kabla ya jahazi la Ali.

Masimulizi ya Kiswahili yanayataja makundi yaliyotangulia kukaa hapo, na yanamtaja mzee aliyekuwa na mamlaka juu ya kisiwa, aliyeitwa Mrimba. Tarehe ya Kiarabu inaongeza kuwa wageni walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na watu wa nyumbani kwake, pamoja na msikiti, na kwamba ndiye aliyewafasiria maneno yao mbele ya mtawala. Kwa hiyo hata dini aliyokuja nayo Ali aliikuta imekwisha kufika, na siku zake za mwanzo alihitaji mtu wa kumsemea.

Posa kwa Mzee Mrimba

Kuanzia hapo masimulizi yanaachana. Tarehe ya Kiarabu na ya Kireno zinaeleza ununuzi: mgeni aliutaka ufalme wa kisiwa, mwenyeji akataka nguo, bei ikalipwa. Ndiyo maana tarehe ya Kiarabu inampa sultani huyo lakabu ya Kiswahili ya Nguo Nyingi.

Masimulizi ya Kilwa yaliyosimuliwa kwa Kiswahili yana jambo ambalo hayo mengine hayana. Humo, Ali anafika akiwa na bidhaa na watoto wake, anakwenda kwanza kwa Mzee Mrimba, anaomba mahali pa kukaa, na anatoa zawadi za nguo na shanga. Anakubaliwa. Anaishi na watu kwa wema. Kisha anaposa binti wa Mrimba, naye anaozwa.

Posa hiyo ilibadili hali yake yote. Mfanyabiashara wa kigeni hukaa kwa msimu, kisha pepo za kusi zikivuma hutweka tanga na kurudi kwao. Mtu aliyeoa ana mahali pa kurudi. Watu wa pwani husema kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Kwa Ali, jembe hilo lilikuwa wajibu wa mkwe kwa wakwe zake: kuwaheshimu, kuwatunza, na kufuata taratibu za nyumba aliyoingia.

Katika miji mingi ya Waswahili imekuwa desturi kwa binti kubaki karibu na wazazi wake baada ya ndoa, na mume ndiye anayehamia. Nyumba ni ya mke na jamaa zake. Mgeni aliyeoa katika desturi ya namna hiyo hula chakula cha ukweni, hujifunza lugha ya ukweni, na watoto wake hulelewa na bibi, mama wadogo na wajomba waliozaliwa papo hapo. Kiswahili chenyewe kinashuhudia jambo hilo. Kilipokea maneno yenye asili ya Kiajemi, miongoni mwake bandari, nahodha na pamba, ambayo ni maneno ya bahari na biashara. Lakini sarufi yake na maneno ya nyumbani, kama mama, mtoto, maji, moto na kula, yalibaki ya Kibantu. Waliokuja na majahazi walileta maneno ya kazi zao. Lugha iliyozungumzwa jikoni ndiyo iliyorithiwa na watoto.

Njia ya nguo

Ndoa hiyo haikukosa mtihani. Kwa masimulizi hayohayo, baada ya muda Ali alimtuma mkewe kwa baba yake na ombi zito. Hoja yake ilijengwa juu ya heshima ya ukweni: kwamba haifai baba mkwe na mkwe wake kuishi mahali pamoja, na kwamba ingekuwa vyema Mzee Mrimba ahamie bara.

Mrimba alikubali. Zikatandazwa nguo kutoka kisiwani hadi bara, akapita juu yake akisindikizwa na mkwewe. Wakati huo, yanasema masimulizi, maji yalipokupwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Mzee aliondoka kwa heshima zote, lakini aliondoka. Na kisiwa kikabaki mikononi mwa aliyekuwa mgeni wake.

Baadaye Mrimba alitambua uzito wa alichokiachia, akakusudia kurudi kwa vita. Hakuweza kuvuka. Tarehe ya Kiarabu inasema wageni walikwisha kuchimba mkondo ili maji yasikauke tena. Masimulizi ya Kiswahili yanasema Ali na wazee wa Kisiwani walifanya kisomo na kutoa kafara, na kina cha maji kikaongezeka. Mzee akafika ufukweni, akaona bahari imesimama baina yake na kisiwa, akarudi.

Aliyekuwa katika hali ngumu kuliko wote ni binti yake. Ndiye aliyepeleka ujumbe uliomhamisha baba yake, na sasa mkondo uleule ulikuwa baina ya mume na mzazi. Jina lake halikuandikwa katika tarehe yoyote kati ya hizo, ingawa bila yeye masimulizi ya Kiswahili yasingekuwa na kisa cha kusimulia. Wasimulizi hawakuficha kwamba mwanzo wa Kilwa ya masultani ulikuwa na uchungu ndani yake.

Mjukuu aliyevuka

Suluhu haikuletwa na silaha wala na nguo nyingine. Binti wa Mrimba alijifungua mtoto wa kiume, aliyeitwa Muhammad. Alikua, akafikia utu uzima, akavuka kwenda bara kumzuru babu yake. Mrimba alimpokea na kumkabidhi mamlaka yake.

Hapo ndipo, kwa fikra za wasimulizi wa Kilwa, utawala ulipopata uhalali uliokuwa umepungua. Baba alipata kisiwa kwa ukarimu wa mkwewe na werevu wake mwenyewe. Mwana alipata bara kwa haki ya damu, kwa sababu alikuwa mjukuu wa mwenye nchi upande wa mama. Katika jamii ambazo urithi hupita kwa mwanamke, hilo si jambo dogo: nasaba iliyojivunia Shirazi ilisimama pia juu ya ukoo wa Mrimba.

Utawala na alama zake

Tarehe ya Kiarabu inampa Sultani Ali miaka 40 ya utawala. Sarafu zenye jina lake zina maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina, upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya kifo chake.

Baada yake mji ulikua. Sehemu ya kale zaidi ya Msikiti Mkuu inayoonekana leo ni ya karne ya 11 au ya 12. Vigae vilivyotobolewa katikati kwa ajili ya kusokota nyuzi vinaonyesha kuwa watu wa Kilwa walifika mahali pa kujitengenezea nguo za pamba, bidhaa ileile iliyompa mgeni wao lakabu. Mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipowasili, Kilwa ilikuwa chini ya Sultani al-Hassan bin Sulaiman, wa nasaba nyingine iliyofuata, na utajiri wake ulitokana na dhahabu ya Sofala.

Ushahidi wa vinasaba

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana iwapo kisa cha Washirazi kina ukweli au ni fahari ya kubuni. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zama zilizopita, wakiwemo waliozikwa Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalionyesha kuwa kwa wengi wa watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Asili ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000.

Utafiti huo haumtaji Ali wala Mrimba, na hauwezi kuthibitisha njia ya nguo. Hata hivyo unaeleza nyumba za aina ileile inayosimuliwa Kilwa: mume aliyekuja na bahari, mke aliyezaliwa pwani, na watoto waliokuwa wa pande zote mbili wakizungumza lugha ya mama.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini kutoweka, na mwaka 2014, baada ya kazi ya ukarabati na hifadhi, yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Mgeni anayefika leo huvuka kwa boti au mashua kutoka Kilwa Masoko, juu ya mkondo ambao masimulizi yanasema Mzee Mrimba aliwahi kuupita kwa miguu, nguo zikiwa zimetandazwa chini ya nyayo zake.