Joseph Beuys: Mwalimu wa Mialoni 7,000

Joseph Beuys alizaliwa Krefeld, Ujerumani, mwaka 1921. Zana za sanaa yake zilikuwa vitu vya kawaida: kiti, mafuta mgando, kitambaa kizito cha sufu. Aliamini kwamba kila binadamu amejaliwa kipaji cha ubunifu. Mwaka 1961 akawa profesa wa uchongaji katika Chuo cha Sanaa cha Düsseldorf. Huko aliwapokea waombaji waliokataliwa. Mwaka 1972, baada ya kuikalia ofisi ya chuo pamoja nao, alifukuzwa kazi.

Hakukata tamaa. Mwaka 1982, mjini Kassel, alirundika mawe 7,000 ya basalti mbele ya jumba la makumbusho. Kila mti ulipopandwa, jiwe moja liliondolewa rundoni na kusimikwa kando yake. Wananchi walichanga fedha na kupendekeza mahali pa kupanda. Hivyo rundo lilipungua kadiri walivyoshiriki. Beuys alifariki mwaka 1986. Mwanawe alipanda mti wa mwisho mwaka 1987.

Nasi walimu tunajifunza nini? Kwamba zana zimo katika mazingira yetu, na kwamba somo jema ni lile ambalo wanafunzi wataweza kulikamilisha tusipokuwapo.