Mfahamu Nearest Green, Mtumwa Aliyemfunza Jack Daniel Kupika Wiski

Kama wewe ni mtu wa sherehe, ile chupa ya mraba yenye lebo nyeusi unaijua. Umeiona klabu, umeiona kwa video za wasanii, umeiona kwa meza za wenye pesa. Jina la Jack Daniel umelisoma mara mia. Lakini manze, kuna jina lingine ambalo halikuandikwa pale: Nathan Green, mzee aliyejulikana kama Nearest. Bila yeye, pengine hungewahi kumsikia Jack.

Turudi Tennessee, Marekani, kabla ya utumwa kupigwa marufuku. Karibu na mji mdogo wa Lynchburg kulikuwa na mhubiri anaitwa Dan Call. Mbali na mahubiri, alikuwa na duka na mtambo wa kupika wiski. Usishangae, enzi hizo ilikuwa biashara kama nyingine. Lakini fundi mwenyewe pale mtamboni alikuwa Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Waliojiita wamiliki wake walimkodisha kwa mhubiri, vile wewe unakodisha pikipiki. Jasho lake, doo ya wengine.

Hapo ndipo alipotokea dogo mmoja, Jasper Daniel, ambaye wengi walimwita Jack. Mamake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, na maisha hayakuwa rahisi. Akaenda kufanya kazi kwa Call, na Call akamkabidhi kwa Nearest ili afunzwe kazi.

Na hiyo kazi si mchezo. Unaanza na mahindi yaliyosagwa, unapika na maji ya chemchemi, unatia hamira, unaacha yachachuke. Kisha unachemsha, unashika mvuke, unaupoza. Kinachotoka ni cheupe pe kama chang'aa, na kinachoma koo vilevile.

Hapo sasa ndipo ujuzi wa Nearest ulipoonekana. Wiski ya kwao ilidondoshwa polepole, tone kwa tone, kupitia rundo la makaa ya mti wa mepo. Makaa yanakamata ule ukali, kinywaji kinashuka laini. Ndicho kitu ambacho mpaka leo kinaitofautisha wiski ya Tennessee na zingine.

Baadaye inaingia kwa pipa la mwaloni lililochomwa ndani. Joto likipanda, mbao zinainyonya. Baridi ikija, zinaitema. Miaka ikipita hivyo, inapata rangi ya kahawia na utamu wa karameli. Rangi yote unayoona kwa glasi imetoka kwa mti.

Mwaka wa 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha na utumwa ukapigwa marufuku. Nearest sasa alikuwa mtu huru. Jack alipoanzisha kiwanda chake, alimchukua mwalimu wake awe mpishi mkuu, safari hii kwa mshahara. Watoto wake, akiwemo George na Eli, pia walifanya kazi pale, na wajukuu wakafuata.

Jack alivuma. Mwaka wa 1904 wiski yake ilishinda medali ya dhahabu kwa maonyesho ya dunia kule St. Louis. Alifariki 1911 bila mke wala mtoto, biashara ikabaki kwa mpwa wake, Lem Motlow. Jina la Jack likazunguka dunia. La Nearest likabaki kwa midomo ya watu wa Lynchburg.

Ilichukua mpaka 2016, kiwanda kikiadhimisha miaka 150, ndipo kampuni ikaanza kumtaja hadharani. Mwaka uliofuata mwandishi Fawn Weaver akazindua wiski yenye jina lake, Uncle Nearest.

Kuna picha ya zamani ya Jack na wafanyakazi wake. Kando yake ameketi mtu mweusi, anayeaminika kuwa George, mwanawe Nearest. Ya mzee mwenyewe haijawahi kupatikana. Kwa hivyo next time ukiona ile chupa ya mraba, kumbuka si kila aliyefanya kazi huandikwa kwa lebo.