Jules Bordet: Daktari aliyegundua silaha iliyofichika kwenye damu

Mtoto wa wiki sita akipelekwa kliniki Nyeri, Karatina au Nanyuki, mojawapo ya sindano anazodungwa humkinga na kifaduro. Bakteria wa ugonjwa huo anaitwa Bordetella, kwa heshima ya Mbelgiji Jules Bordet, aliyemtambua mwaka 1906 pamoja na mwenzake Gengou. Lakini ugunduzi wake mkubwa ulikuwa umetangulia.

Bordet alizaliwa Soignies mwaka 1870. Akiwa na miaka 22 tayari alikuwa daktari, na 1894 akajiunga na Taasisi ya Pasteur, Paris. Huko alichukua majimaji ya damu ya wanyama wenye kinga ya kipindupindu. Yaliua bakteria bila shida. Akayapasha moto, nguvu ikaisha. Akaongeza majimaji mabichi ya mnyama asiye na kinga hiyo, na bakteria wakaanza kufa tena! Kumbe kazi hufanywa na wawili: kingamwili humtambua adui, kisha protini ambazo sote tunazaliwa nazo humtoboa. Leo protini hizo huitwa komplementi.

Miaka michache baadaye, kati ya 1898 na 1900, njaa na ndui ziliua watu wengi mno Kenya ya kati. Nao walikuwa na komplementi. Mbona haikuwaokoa?

Njaa ilikuwa imewamaliza nguvu, lakini kirusi chenyewe nacho ni mjanja. Komplementi ni kali, kwa hivyo mwili una breki za kuizuia isitushambulie sisi wenyewe. Kirusi cha ndui hutengeneza breki inayofanana na zetu, mithili ya mwizi aliyevaa sare ya bawabu. Mwaka 2002, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa breki hiyo ina nguvu karibu mara 100 kuliko ya kirusi ndugu yake mpole, kile kinachotumika kwenye chanjo ya ndui, katika kuzima protini moja muhimu ya komplementi ya binadamu.

Bordet, aliyetunukiwa Nobel ya mwaka 1919, hakuyajua haya. Alifariki Brussels mwaka 1961. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani 1980, na kilichoishinda ni chanjo, kwa sababu huuandaa mwili mapema, kingamwili zikiwemo. Komplementi tunazaliwa nayo. Yule mwenzake wa kumtambua adui, mara nyingi, tunampata kliniki.