Nathanael Herreshoff, fundi wa milingoti mirefu

Mu mji mdogo wa Bristol, jimbo la Rhode Island kule Marekani, alizaliwa mwaka 1848 mtoto Nathanael Herreshoff. Wapenda mashua za matanga (matanga ya chombo, si yale ya kilio) wanamjua mpaka leo. Mkubwa wake John alipofuka angali kijana. Nathanael alikuwa anachonga mfano wa mashua kwa mti, John anaupapasa kwa vidole na kusema wapi pazidishwe, wapi papunguzwe. Mwaka 1878 wakafungua kampuni yao.

Mwanzoni walitengeneza zaidi mashua za mvuke. Mwaka 1888, wakati wa kujaribu moja iliyoitwa Say When, mambo yakaharibika kwenye boila, mfanyakazi mmoja akaungua na kufa. Nathanael akanyang'anywa ruhusa ya kuendesha injini za mvuke. Miaka iliyofuata, jina lake likakua kwa matanga.

Hapa tukae kidogo, juu ya mlingoti njo ulimsumbua sana. Kilo moja huko juu inavuta mashua ilale. Ili isimame, lazima risasi nyingi iwekwe chini. Mti mzima ni mzito. Njo maana alitaka bomba la chuma, wazi ndani, la mabati membamba yaliyopigwa riveti. Lakini bomba jembamba halisimami peke yake: linashikwa na nyaya za pande zote. Kitu kimoja kikiachia, lote linakunjika. Mwaka 1899 mlingoti wa chuma wa Columbia ulianguka hivyo kwenye majaribio. Hakuachana na chuma, na Columbia ikashinda Kombe la Amerika mwaka uleule, tena mwaka 1901.

Halafu ikaja Reliance, mwaka 1903. Chini ilivikwa aloi ya shaba, madini tunayoyajua vizuri hapa kwetu. Tanga lake lote lilipita mita za mraba 1500. Ncha ya mlingoti ilikuwa karibu mita 60 juu ya maji, na mti wa chini wa tanga ulikuwa na mita 35. Kipande cha juu cha mlingoti, cha mbao, kiliingia ndani ya kile cha chuma, sawa antena ya radio. Mashine za kukokota kamba alizificha chini ya sakafu, uzito usikae juu. Hata hivyo watu 64 walihitajika kuiendesha. Iliishinda Shamrock III ya Thomas Lipton mara 3 kwa bila.

Kisha? Haikushindana tena. Mwaka 1913 ikavunjwa, chuma na shaba vikauzwa. Sisi tunaona ni ufundi mkubwa uliotumika kwa kiangazi kimoja tu, na hela mingi ya matajiri ikaenda nayo. Lakini tusimlaumu haraka: sheria za kupima mashua wakati ule ndizo zilikuwa zinalipa matanga makubwa kupita kiasi. Na ni yeye mwenyewe aliyetunga kanuni mpya, ile iliyofunga mlango kwa mashua za namna ya Reliance. Resolute, aliyoichora kwa kanuni hiyo, ililinda Kombe mwaka 1920 ikiwa na tanga dogo zaidi.

John alikufa mwaka 1915. Mwaka 1924 kampuni ikauzwa kwa mnada. Nathanael aliendelea kuchonga mifano yake palepale Bristol, mpaka kifo chake Juni 1938, akiwa na miaka 90.