Matthews: Winga aliyewasumbua mabeki hadi miaka 50

Mchezaji akigonga miaka 32, jukwaani maneno huanza: kaisha huyo, awapishe vijana. Stanley Matthews alikuwa na umri huo mwaka 1947, Stoke City ilipomuuza Blackpool kwa pauni 11,500. Wengi walidhani kabakiza misimu miwili, mitatu. Alicheza miaka 18 zaidi.

Alizaliwa Februari 1, 1915, Hanley, Uingereza. Baba yake, Jack, alikuwa kinyozi na bondia, na ndiye aliyemtoa kitandani alfajiri tangu utotoni kufanya mazoezi ya viungo na pumzi. Stoke ilimpa mechi ya kwanza 1932, akiwa na miaka 17. Halafu Vita Kuu ya Pili ikamla miaka yake mitamu, kuanzia 24 hadi 30.

Pale Blackpool alijifua ufukweni asubuhi mapema, peke yake. Siri yake ilikuwa mbio fupi za kasi. Winga hahitaji kukimbia kilomita 20; anahitaji zile hatua chache za kwanza zinazomwacha beki kasimama. Umri ulipozidi kusogea, wenzake walipunguza mazoezi. Yeye alikaza. Pombe hakugusa, sigara hakuvuta, alikula matunda na mboga kwa wingi, na Jumatatu alifunga kula. Husimuliwa pia kwamba alitembea na viatu vilivyotiwa risasi, ili akivaa daluga miguu iwe myepesi.

Majibu yalionekana dimbani. Baada ya kupoteza fainali za Kombe la FA 1948 na 1951, alirudi Wembley 1953 akiwa na miaka 38. Bolton waliongoza 3-1. Matthews akawasha moto upande wa kulia, Stan Mortensen akafikisha mabao matatu, na dakika za nyongeza krosi ya mzee ikamkuta Bill Perry: 4-3. Mwaka 1956 akawa mtu wa kwanza kutwaa Ballon d'Or, akimpiku Alfredo Di Stéfano. Alikuwa na miaka 41.

Mwaka 1961 Stoke, ikiwa daraja la pili, ilimrudisha akiwa na miaka 46. Watu wakacheka. Mechi ya nyumbani kabla yake iliingiza watazamaji 8,409. Yake ya kwanza, 35,974. Mwaka 1963 timu ikapanda daraja.

Alipewa heshima ya 'Sir' akiwa bado mchezaji. Mechi yake ya mwisho ya ligi ilikuwa Februari 6, 1965, dhidi ya Fulham, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Baadaye alifundisha vijana Afrika, wakiwemo wa Soweto aliowapeleka Brazil 1975.

Alifariki Februari 23, 2000. Hadi uzeeni alishikilia kwamba alikosea jambo moja: alitundika daluga mapema mno.