Albert Ballin: Aliyeuza tiketi za wahamiaji na kuijua gharama yote ya safari

Msafirishaji anayetoa mizigo bandari ya Mombasa au Dar es Salaam huenda ameliona jina la Hapag-Lloyd kwenye makontena ya rangi ya chungwa. Jina hilo lilitokana na muungano wa mwaka 1970 wa makampuni mawili ya Ujerumani yaliyokuwa yakishindana kwa miaka mingi, Hapag ya Hamburg na Norddeutscher Lloyd ya Bremen. Lakini miongo mingi kabla ya kontena la kwanza, sehemu kubwa ya mapato ya Hapag ilitoka kwa watu maskini waliokuwa wakihama Ulaya kwenda Marekani. Aliyeikuza biashara hiyo ni Albert Ballin.

Ballin alizaliwa Hamburg tarehe 15 Agosti 1857, mtoto wa mwisho kati ya 13 katika familia ya Kiyahudi isiyo na ukwasi. Baba yake alikuwa mshirika katika Morris & Co., ofisi ndogo ya uwakala wa wahamiaji. Mzee alifariki mwaka 1874, na kijana wa miaka 17 akajikuta ndiye anayeendesha shughuli.

Ofisi hiyo iliuza safari ya kuungaunga. Abiria alitoka Hamburg kwa meli hadi Hull, akavuka Uingereza kwa treni hadi Liverpool, kisha akapanda meli ya Waingereza kwenda New York. Ilikuwa na usumbufu mwingi lakini nafuu, na hapo ndipo Ballin alipoijua biashara yenyewe. Nauli ya meli ilikuwa sehemu tu ya gharama. Mhamiaji kutoka kijiji cha Urusi alihitaji pasipoti, ambayo ilikuwa ghali na ilichelewa, kwa hiyo wengi walivuka mpaka kwa njia za panya wakiwalipa wavushaji. Kisha kulikuwa na treni, chakula, na malazi Hamburg wakati wa kungoja meli, mahali ambapo mgeni asiyejua lugha alikuwa windo la matapeli. Mtu huyo pia hakuwa na kipato siku zote alizokuwa njiani. Enzi za matanga safari ya baharini ilichukua kama wiki sita. Meli za mvuke zilikuja kuishusha hadi chini ya wiki mbili. Kwa hesabu za kiuchumi, huko kupungua kwa siku kuliwasaidia wahamiaji pengine kuliko punguzo lolote la nauli.

Mwaka 1881 Ballin alikubaliana na mwenye meli Edward Carr, aliyekuwa na meli za mizigo. Wazo lilikuwa rahisi, na kila mwenye lori ataliona mara moja. Kwenda Marekani, nafasi chini ya sitaha ilifungwa vitanda vya muda na kujazwa abiria wa daraja la chini pekee. Wakati wa kurudi vitanda viling'olewa na meli ikapakia mizigo. Chombo hakikurudi kitupu. Tena, kwa kuwa hapakuwa na daraja la kwanza, abiria hao waliruhusiwa kutembea sitaha nzima, jambo ambalo kwenye meli kubwa hawakulipata.

Bei zikaporomoka. Hapag, yenye meli za fahari na gharama kubwa, iliumizwa na vita hivyo vya nauli hadi ikaona heri kukaa mezani. Mwaka 1886 mapatano yalifikiwa, na Ballin, akiwa na miaka 28, aliingia Hapag kama mkuu wa idara ya abiria. Mwaka 1899 alikuwa mkurugenzi mkuu.

Aliyevunja bei sasa akawa mlinzi wa bei. Mwaka 1892 alisukuma makubaliano kati ya Hapag, Lloyd, Holland-America na Red Star Line: kila kampuni ilipewa fungu lake la abiria wa daraja la chini, na aliyezidisha fungu aliwalipa fidia waliopungukiwa. Leo mamlaka za ushindani zingeita hilo kartel, na zingekuwa sahihi.

Mwaka huohuo kipindupindu kiliingia Hamburg na kuua zaidi ya watu 8,600. Lawama ziliwaangukia wahamiaji kutoka Urusi. Marekani ikaweka karantini ya siku 20 kwa meli zenye wahamiaji, na biashara ikasimama. Katika miaka iliyofuata makampuni ya Ujerumani yaliruhusiwa kuendesha vituo vya ukaguzi wa afya kwenye mpaka wa Urusi, watu wakaogeshwa, nguo zikafukizwa dawa na macho yakachunguzwa. Dereva aliyekwama Malaba mwaka 2020 akingoja majibu ya kipimo cha korona hahitaji kuelezwa foleni ya namna hiyo.

Vituo hivyo, hata hivyo, havikulinda afya peke yake. Abiria aliyefika na tiketi ya kampuni pinzani, hasa ya Waingereza, aliweza kuzuiwa au kurudishwa, wakati mwenye tiketi ya Hapag au Lloyd alipita. Mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe wake ili kupata nauli alilazimika kununua tiketi ya pili au kurudi kijijini. Hili ndilo doa kubwa katika rekodi ya Ballin, na wanaomsifu kwa ubunifu hulipita haraka.

Kampuni nayo ilikuwa na hesabu zake. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1891, abiria aliyekataliwa alirudishwa kwa gharama ya mwenye meli. Mwaka 1903 ikaongezwa faini ya dola 100 kwa kila mgonjwa ambaye angeweza kugunduliwa kabla ya kupanda. Nauli ya daraja la chini miaka hiyo ilikuwa takriban dola 30, hivyo mgonjwa mmoja alikula nauli za watu watatu. Kodi ya kichwa, iliyoanza kwa senti 50 mwaka 1882, ilifika dola 4 mwaka 1907. Ndiyo maana Hapag ilijenga mji mdogo wa wahamiaji huko Veddel, Hamburg, uliofunguliwa mwaka 1901, wenye mabweni, madaktari, jiko la Kiyahudi na nyumba za ibada. Ulikuwa ukarimu, lakini pia ulikuwa uchujaji wa shehena kabla ya kupakia.

Kwa kibarua aliyekwisha kufika Marekani, akilipwa kama dola 1.50 kwa siku, dola 30 zilikuwa kazi ya siku 20. Kwa ndugu yake kijijini zilikuwa fedha ambazo hajawahi kuzishika. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya tiketi zililipiwa Marekani na kutumwa Ulaya kwa barua. Mwaka 1904, Cunard ya Uingereza ilipogombana na umoja wa Ballin juu ya abiria wa Hungaria, nauli kutoka Uingereza ilishuka hadi takribani pauni 2. Waliobahatika kusafiri miezi hiyo walivuka kwa bei ya kutupa.

Kufikia mwaka 1914 Hapag ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa meli, na Imperator ya tani zaidi ya 52,000 ilikuwa imekwisha kuanza safari zake mwaka 1913. Ballin alikuwa karibu na Kaiser Wilhelm II, na mwaka 1912 alijaribu kuzipatanisha Ujerumani na Uingereza juu ya manowari. Alishindwa. Vita vya mwaka 1914 vilizifungia meli zake bandarini. Alifariki tarehe 9 Novemba 1918 baada ya kumeza dawa nyingi za usingizi, siku ileile ilipotangazwa kwamba Kaiser ameachia kiti.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ikabidhi meli zake zote kubwa za biashara. Imperator ilichukuliwa na Cunard, ikapewa jina la Berengaria, ikaendelea kubeba abiria kwenda New York.